Rangi Iliyojificha Ndani ya Mkunjo

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Bi Milimita ananawa mikono kwa mara ya pili. Anaikausha kidole kwa kidole kwa taulo jeupe, kisha anainusa.

"Ikinuka mafuta, sigusi kitu," anasema. "Hata yawe mafuta ya kujipaka. Hariri haina haya, itakunywa chochote utakachoipa."

Anavuta pazia zito la buluu, anawasha taa ya mezani, anateremsha miwani iliyokaa kichwani na kuivaa juu ya ile iliyoko machoni. Mbele yake kuna nishani ya shaba yenye utepe uliopauka. Anachukua sindano, anaipenyeza chini ya mshono wa kwanza na kuulegeza bila kuukata. Wa pili. Wa tatu. Utepe unaachia, naye anaufunua taratibu pale ulipokunjwa kupita kwenye pete ya nishani, mahali ambapo mwanga haujafika tangu siku uliposhonwa.

"Haya, mwanangu," anauambia, "nionyeshe uso wako."

Ndani ni nyekundu, kama nje. Anaguna kwa kuridhika, anaandika mstari mmoja kwenye kadi, kisha anaanza kuurudishia utepe mishono ileile kwenye matundu yaleyale. Kadi hiyo ni ya mia nne na kumi na mbili. Zimebaki mia saba ishirini na nane.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane ndiye mtunza sampuli wa kiwanda kidogo cha kufuma tepe, chenye mitambo sita na wafanyakazi thelathini na wawili. Kiwanda hufuma mikanda ya mifuko, tepe za kupambia nguo na vitu vingine vya kuendeshea maisha. Lakini fahari yake ni utepe wa nishani za jeshi, ule unaoshikilia medali kifuani mwa askari.

Jina la utani alipewa na fundi mkuu wa mitambo, mwanamume mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine, ambaye humwita dada ingawa hawana undugu.

"Alipokuja kumtazama mtoto wangu mchanga," fundi anasimulia, "watu wote waliuliza jina. Yeye akauliza urefu. Nikamwambia nusu mita. Akaniuliza, nusu mita kamili au unakadiria?"

Bi Milimita hakanushi. "Na alikuwa anakadiria," anasema.

Kazi yake yahitaji mtu wa namna hiyo. Wengi wetu tukiuona utepe wa nishani, tunaona rangi. Yeye anaona hesabu. Kila utepe wa nishani uliowahi kufumwa kiwandani una kadi yake, na juu ya kadi hubandikwa kipande cha sentimita saba. Chini yake huandikwa namba ya utepe, upana wake, na mistari yake kuanzia kushoto kwenda kulia, kila mmoja kwa milimita na kwa idadi ya nyuzi. Rangi nayo haiandikwi kwa jina tu. Kijani ni nyingi mno duniani, kwa hiyo huandikwa pia namba ya uzi kutoka kwenye kitabu cha rangi cha kiwanda.

Anaposoma kadi kwa sauti, anaisoma kama mtu anayetaja ukoo wake. "Kijani kumi, nyeupe mbili, zambarau nane, nyeupe mbili, kijani kumi. Jumla thelathini na mbili. Huyo ni mia mbili kumi na nne."

Nje ya kiwanda wapo watu wanaozijua namba hizo kuliko namba za simu za watoto wao. Ni wakusanyaji wa nishani. Orodha yao iliyochapishwa, ambayo huitumia kununua, kubadilishana na kubishana, imenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kadi za chumba hiki. Wakusanyaji wawili wakigombana juu ya upana wa mstari, mmoja atapiga simu kiwandani, na kwa miaka ishirini na sita jibu limekuwa moja.

"Kitabu kimesema," Bi Milimita hujibu, akimaanisha daftari alilonakilia kadi zote kwa mkono wake mwenyewe, naye mwenye shauri husalimu amri.

Hakuipata kazi hii kwa kubebwa. Alianza kiwandani miaka thelathini na mitatu iliyopita kama mfagiaji. Alikuwa ameishia darasa la saba. Bibi mmoja mshonaji, aliyekuwa na kazi ya kushona tepe kwenye nishani kabla hazijapelekwa, alimkuta akiokota vipande sakafuni na kuvipanga kwa rangi badala ya kuvitupa. Akamfundisha kushona. Baadaye akamsukuma kwenda masomo ya jioni.

"Nilitembea dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, kwa miaka minne," anasema Bi Milimita. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisubiri pale njia panda na tochi. Majirani wakamcheka, eti mkeo anasoma wewe unashika tochi. Akawaambia, nyinyi ngojeni, siku akianza kuniandikia barua mtaniomba niwasomee."

Bibi mshonaji alistaafu miaka thelathini iliyopita, naye hayupo tena duniani. Miaka minne baada ya kuondoka kwake, chumba cha sampuli kilikabidhiwa mwanafunzi wake. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, likakaa kimya kwenye droo kwa robo karne, hadi miezi mitatu iliyopita.

Wiki alipokabidhiwa ufunguo, bomba la maji lilikuwa limepasuka juu ya dari. Makabati mawili yalilowa. Kadi nyingi ziliokolewa, lakini ile ya mia mbili kumi na nne ilikuwa uji mtupu. Utepe wenyewe ulikuwa wa Nishani ya Daraja, waliyopewa askari wahandisi walioshikilia daraja kwa kamba na magogo siku tatu mfululizo wakati wa mafuriko makubwa, watu elfu kadhaa wakavuka salama.

Mafuriko hayo yalitokea miaka kumi kabla ya yeye kukabidhiwa chumba. Hakuwa ameuona utepe huo ukifumwa. Akafanya alichoona ni busara: akaenda mapokezi, ambako sampuli za fahari zilikuwa zimepangwa kwenye kabati la kioo, akachukua kipande cha mia mbili kumi na nne, akakipima, akakihesabu nyuzi, akaandika. Mstari wa katikati aliuona kahawia. Akaandika kahawia.

Mwaka huohuo jeshi liliagiza mita chache za kuongezea. Fundi wa wakati ule, ambaye alitunza maelezo yake kichwani na kuondoka nayo, alizifuma kwa uzi wa zambarau. Bi Milimita alipoletewa kipande hakushangaa. Akafikiri wakubwa wamebadilisha rangi. Akafungua kadi mpya. Ile ya kahawia akaiandika "toleo la kwanza", na hii ya zambarau akaipa namba mia mbili kumi na nne A, "toleo la pili, la baadaye".

"Nilijiona hodari," anasema. "Nilikuwa nimegundua kitu! Nikakiandika kwa wino mweusi, mwandiko wa mwalimu."

Lile kabati la kioo lilikuwa limetazamana na dirisha la magharibi.

Miezi mitatu iliyopita jeshi lilipanga kuwakusanya wahandisi wa daraja waliobaki, watu thelathini na mmoja, pamoja na familia za wenzao waliotangulia. Kila nishani ingevishwa utepe mpya. Agizo likaja kiwandani: mita mia moja na ishirini za namba mia mbili kumi na nne, toleo la kwanza. Fundi mkuu akapanga nyuzi za kahawia kwenye mtambo. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Asubuhi moja, mwanamke wa makamo aliingia chumba cha sampuli akiwa amebeba kikopo cha majani ya chai. Ndani ya kikopo, ndani ya leso, mlikuwa na nishani ya baba yake, sajini mstaafu. Utepe wake ulikuwa na zambarau nzito, kama umetoka mtamboni jana.

"Shikamoo mama," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye kitabu."

"Marahaba. Ndimi."

"Baba anakataa kwenda kwenye mkutano. Nimekuja unisaidie."

Akaeleza. Kila mwaka wazee hao hukutana. Miaka ishirini iliyopita, mmoja wao aliipata orodha ya wakusanyaji na kuisoma kwa sauti. Toleo la kwanza, kahawia. Toleo la pili, zambarau, la baadaye. Wote wakajitazama vifuani. Karibu wote walikuwa na kahawia. Sajini peke yake alikuwa na zambarau.

"Ilianza kama utani," binti alisema. "Sajini, ulifika maji yalipokauka? Sajini, daraja uliliona kwenye picha? Sasa baba ana miaka themanini na moja, utani umegeuka msumari. Mwaka juzi aliacha kwenda."

"Kwani wenzake hawakumwona darajani?"

"Waliokuwa upande wake wa mto wamekufa wote, mama. Waliobaki walikuwa ng'ambo."

Bi Milimita aliitoa kadi, akaiweka mezani. Anakiri kwamba sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. "Mwanangu, pole. Lakini kitabu kimesema. Zambarau ni ya miaka kumi baadaye. Labda baba alipoteza wa kwanza akapewa mwingine, si aibu."

"Hakupoteza. Alivishwa wiki ya tatu baada ya mafuriko, akaiweka kwenye kikopo hiki, akakitia sandukuni. Ameitoa kwenye mikutano tu."

"Kitabu…"

"Basi kitabu chako kinamwita baba yangu mwongo," binti alisema. Hakupaza sauti. Alikunja leso yake mara mbili, akangoja.

Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Bi Milimita anasema masikio yalimwaka moto. Ili asionekane amebabaika, akaishika nishani, akaigeuza, akajitia anaichunguza kwa lenzi. Ndipo akaiona mishono.

Ilikuwa sita, midogo, yote imelala kulia, na fundo limerudi nyuma na kufichwa chini ya mshono wa pili. Mkono huo aliufahamu kama mtu anavyofahamu kikohozi cha mama yake chumba cha pili. Ulikuwa mkono wa bibi mshonaji.

"Nilikaa kando yake miaka mitatu nikifundishwa mshono huo," anasema. "Hakuna mwingine aliyekuwa akificha fundo pale. Mimi mwenyewe silifichi hivyo, vidole vyangu vinene. Na bibi alistaafu miaka minne kabla ya zile mita za kuongezea. Sasa niambie, zambarau ya baadaye aliishonaje, kutoka nyumbani kwake?"

Alimwomba binti amwachie nishani hadi jioni. Kisha akatoka mbio mbio kwenda kwa fundi mkuu. Mtambo ulikuwa umekwisha kutoa mita thelathini na nane za kahawia.

"Simamisha."

"Dada, nina siku tisa."

"Simamisha mpaka kesho asubuhi. Nikiwa nimekosea, nitakuja kufuma na wewe usiku kucha."

"Wewe? Kukosea?" Fundi akacheka. Alipomtazama usoni akaacha kucheka, akashusha mkono wa mtambo.

Ushahidi mmoja haukumtosha. Alihitaji utepe wa kahawia, wa toleo analoliita la kwanza, ulioshonwa kiwandani na ambao haujawahi kufunguliwa. Ule wa kwenye kadi ulikuwa kipande tu, hauna mkunjo, umepigwa jua pande zote mbili. Nishani za wazee zilikuwa mbali, kila moja mji wake. Karibu palikuwa na moja, nayo ilikuwa ya mtu mgumu kuliko shaba yenyewe.

Mtu huyo ni mkusanyaji, msambaza barua mstaafu anayeitwa Postamasta, ingawa hakuwahi kuwa bosi wa posta yoyote. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Bi Milimita, kwa hiyo humwita shemeji. Nishani yake ya Daraja, yenye utepe wa kahawia, ndiyo lulu ya mkusanyiko wake. Aliibadilisha na nishani kumi na moja nyingine. Ilikuwa imetundikwa sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, mkabala na dirisha.

Bi Milimita alipofika, Postamasta alikuwa akisoma gazeti na mkewe akikunja nguo.

"Shemeji! Karibu, karibu. Umekuja kumsalimu bwana mkubwa?" alisema, akiionyesha fremu kwa kidevu.

"Nimekuja kumfungua."

"Kumfungua nini?"

"Mshono."

Gazeti lilianguka. "Shemeji, wewe mzima? Huo ni mshono wa asili! Ni wewe uliyeandika mwenyewe, mshono wa asili usiguswe!"

"Niliandika mengi."

Akamweleza yote, tangu bomba lililopasuka hadi kikopo cha majani ya chai. Postamasta alisikiliza akiwa amesimama mbele ya fremu kama mlinzi wa lango.

"Na kama ndani ni zambarau," aliuliza polepole, "basi hii yangu si toleo la kwanza?"

"Ni la kwanza. Ila la pili halipo. Lako ni kama la sajini, tofauti ni kwamba la kwako limeota jua."

"Nilitoa nishani kumi na moja!"

"Najua. Kwa sababu yangu."

Mkewe akaweka shati chini. "Mwache akufungulie, baba watoto. Tangu tuoane hujanitazama mimi unavyoutazama huo utepe. Walau leo tujue unatazama nini."

"Wewe hujui thamani ya kitu hiki!"

"Huyo mzee je, thamani yake unaijua? Themanini na moja, anajificha kwa wenzake. Wewe ulibeba barua za watu miaka thelathini na mitatu. Kuna hata moja uliyokataa kuifikisha kwa kuwa ilikuwa na habari mbaya?"

Postamasta alivua fremu ukutani, shingo upande, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akaiweka juu ya meza. "Uwe na mkono mwepesi, shemeji," alisema, akageuka kutazama ukuta, mahali fremu ilipoacha alama ya mraba.

Mishono ilikuwa sita, yote imelala kulia. Fundo lilikuwa chini ya mshono wa pili. Bi Milimita alipoufunua mkunjo, mke wa Postamasta ndiye aliyetangulia kusema.

"Haa! Zambarau kama bilinganya!"

Postamasta aligeuka. Aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Pale utepe ulipokuwa umefichwa na pete palikuwa na ukanda wa zambarau wa upana wa kidole, na kila upande wake kahawia imeanza ghafla, kama ufuko na maji.

Kisha akasema, "Shemeji, usiushone tena. Nataka wakusanyaji wote wauone hivi hivi."

Kesho yake asubuhi Bi Milimita aliingia ofisini kwa meneja kabla hajavua koti. Meneja ni kijana wa miaka arobaini, msomi, mwenye heshima kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ni nani mwingine anayejua jambo hili?"

"Fundi, shemeji yangu, mkewe, na sasa wewe."

"Huyo mke wa shemeji ni msiri?"

"Aliishika simu kabla sijafika mlangoni."

Meneja akapumua. Alisema jeshi lenyewe limeagiza kahawia, kwa maandishi. Kiwanda kikifuma kahawia hakuna atakayekilaumu. Wazee wenyewe walipoulizwa mwanzoni walitofautiana. Watatu walisema kahawia, mmoja akasema zambarau, na mwingine akasema asiulizwe mambo ya rangi tangu alipopasuliwa jicho.

"Wameagiza kahawia kwa sababu mimi niliandika kahawia," Bi Milimita alimjibu. "Tukiwavisha hiyo, tutakuwa tumewavisha kosa langu. Naomba karatasi yenye nembo ya kiwanda. Barua naandika mwenyewe, na jina ni langu."

Aliiandika, ukurasa mmoja na nusu, bila kumtupia lawama fundi wa zamani wala bomba la maji. Jibu la jeshi lilikuja kwa simu siku ya pili: fumeni zambarau.

Fundi mkuu alifikiri atalazimika kupanga nyuzi zote upya, kazi ya siku mbili. Bi Milimita akamkumbusha kwamba kijani na nyeupe hazina kosa. Mstari wa katikati ulikuwa na nyuzi sitini tu. Wakazikata hizo sitini, na kwa kila mwisho wa kahawia wakafunga mwanzo wa zambarau, fundo kwa fundo, wawili wamekaa bega kwa bega nyuma ya mtambo. Saa nane mchana mita ya kwanza ikatoka.

"Alifunga thelathini na nne, mimi ishirini na sita," fundi anasema. "Na yangu mawili akayafungua akayarudia."

Kazi ilikamilika siku moja kabla ya mkutano. Jeshi liliomba kiwanda kipeleke mtu wa kukabidhi. Meneja akataka kwenda mwenyewe. Bi Milimita akasema atakwenda yeye, na atakwenda na kitabu.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, viti vya plastiki, feni mbili, moja ikizunguka. Wazee walikaa safu za mbele. Sajini alikuwa wa mwisho pembeni, amevaa koti lililokuwa lake alipokuwa na mwili mkubwa zaidi. Binti yake ameketi karibu kama mtu aliyeshika mlango usifunguke. Mzee alikubali kuja baada ya kuambiwa kwamba mwenye kitabu anataka kumwona.

Bi Milimita hakutoa hotuba. Alifungua kitabu pale mbele, akakiinua.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi ndiye niliyewagawa. Niliandika kuna utepe wa kwanza na utepe wa pili. Si kweli. Mlipewa utepe mmoja, wiki moja, umeshonwa na mkono mmoja. Wenu uliwekwa ukutani, jua likaula. Wa sajini ulikaa kwenye kikopo. Rangi aliyoileta hapa miaka yote ndiyo rangi mliyovishwa. Kosa ni langu, nimekuja kuwaomba radhi, na yeye kwanza."

Koplo mmoja mnene, ambaye wenzake wanasema ndiye aliyekuwa bingwa wa kumtania sajini, aliinuka kwa kuegemea kiti.

"Kumbe sajini miaka yote ulikuwa unaificha nishani!"

"Nilikuwa naitunza," sajini alijibu. "Nyinyi mlikuwa mnaianika."

Kicheko kilichopasuka hapo, binti yake anasema, hakuwahi kusikia kama hicho. Koplo alivuka ukumbi kwa hatua zake fupi, akachukua utepe mpya kutoka kwenye sinia, akamwomba sajini amruhusu kumvisha. Sajini alikataa utepe mpya.

"Nivishe huuhuu wangu," alisema. "Bado mzima."

Koplo akamvisha. Pini ikamchoma kidole, akatukana kijeshi, kukawa na kicheko tena.

Leo, ukienda chumba cha sampuli, utaikuta kadi ya mia mbili kumi na nne ikiwa na mstari mwekundu juu ya neno kahawia. Hakuipasua wala kuifuta. Pembeni ameandika: "Hakuna 214A. Ni 214 iliyokaa juani. Kosa langu." Kuna tarehe na sahihi. Chini ya kila kadi ameongeza mstari mpya ambao haukuwapo tangu kiwanda kianze: rangi imesomwa wapi. Na pazia la buluu ni lake, alilinunua mwenyewe.

Wakusanyaji walipokea habari kwa namna zao. Wawili walimpigia simu kwa hasira. Wengine thelathini na zaidi wamemletea makasha mazima ya nishani zao azifungue, Postamasta akiwa wa kwanza kuwashawishi. Nishani yake imerudi kwenye fremu ikiwa na mkunjo wazi, na sasa imetundikwa kwenye korido ya ndani, mbali na dirisha. Mkewe anasema amepata nafasi sebuleni ya kuweka picha ya harusi yao.

Katika mikunjo mia nne na kumi na mbili iliyokwisha kufunguliwa, Bi Milimita amekuta makosa mengine matatu. Mawili yalikuwa ya watu waliomtangulia. Moja ni lake, la manjano aliyoiandika kuwa nyeupe ya maziwa. Ameyaandika yote matatu kwa wino mwekundu uleule.

Imebaki miezi kumi na tisa astaafu. Amepiga hesabu: hata kwa kadi kumi tu kwa wiki, zote zitakuwa zimesomwa upya kabla ya siku yake ya mwisho, na akiba ya wiki chache za kuugua mafua. Anamfundisha msichana wa idara ya kufungasha, aliyemwona siku moja akitazama ncha ya utepe dirishani, kisha akaenda kuitazama tena kwenye taa. Anataka binti huyo akikabidhiwa ufunguo, aanze kwa kuisoma kadi ya mia mbili kumi na nne kabla ya nyingine zote.

Na je, akikuta kosa ambalo Bi Milimita ameliacha?

Mama huyu anateremsha miwani ya pili, anaivuta karibu nishani inayofuata.

"Nyumbani kwangu anapajua," anasema. "Aje anigongee. Lakini aje na sindano yake, na awe amenawa mikono."